Mlango kwa Mwenye Mali, Mahubiri kwa Mwenye Ardhi

Mikataba ya biashara baina ya mataifa huandikwa kwa lugha ya adabu. Ndani yake kila taifa huitwa rafiki, kila faida huitwa ya wote, na karibu na mwisho huwekwa kifungu kimoja au viwili juu ya heshima ya mfanyakazi na hifadhi ya ardhi, maji na misitu. Lakini msomaji asiye na haraka ataona kuwa vifungu vinavyolinda mali ya mgeni husema nchi itafanya, na vifungu vinavyolinda kazi na mazingira husema nchi itajitahidi. Anayevunja vya kwanza huitwa mbele ya baraza na kulipishwa. Anayevunja vya pili huitwa kwenye mazungumzo.

Nadai katika insha hii mambo mawili. La kwanza ni kwamba viwango vya kazi na mazingira havitakuwa na maana kwetu mpaka mtu aliyedhulumiwa apewe mlango wa kudai haki ulio sawa na ule aliopewa mwenye mtaji. La pili ni kwamba wale viongozi na wasomi wetu wanaovikataa viwango hivyo kwa hoja kuwa ni hila ya wageni wanampiga mtu asiyekuwa adui yao. Ushahidi wangu hautoki Geneva wala Washington. Watoka Mbulu na Hanang.

Wilaya hizi mbili, zilizo leo katika mkoa wa Manyara, ni jirani na ndugu, maana zamani zilikuwa wilaya moja. Mbulu ni nchi ya juu, makao ya Wairaqw, ambao katika vilima vya Kainam walijifunza tangu kale kulima miteremko bila kuiacha ichukuliwe na mvua: walipanga matuta, waliweka samadi shambani, na ng'ombe waliwalisha kwa mpango. Hanang imekaa miguuni pa mlima wa jina hilo, wenye urefu wa mita 3,417, na kuelekea magharibi ziko nyanda za Basotu pamoja na ziwa lake. Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarbaig, tawi kubwa la Wadatoga. Wabarbaig hawakuchunga ovyo kama wasemavyo wasiowajua. Waliigawa nchi kwa aina za malisho, wakahama kutoka aina moja kwenda nyingine kwa majira, na bora kuliko zote lilikuwa lile waliloliita muhajega, bonde la udongo wenye rutuba ambalo mifugo ilipata nguvu humo. Mabaraza ya wazee yaliamua mambo ya malisho na maji, na hata wanawake walikuwa na baraza lao lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyewakosea.

Nayataja haya mapema kwa sababu yako madai kwamba hifadhi ya mazingira ni fikira ya kigeni, tunayoletewa pamoja na misaada. Si kweli. Kanuni zilikuwako, na wa kuzisimamia walikuwako. Kilichokosekana ni mkataba wa kigeni ulioziona.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha katika nyanda za Basotu mashamba makubwa ya ngano chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lililojulikana kwa jina la NAFCO. Mashamba yalifika saba, kila moja la ekari takriban 10,000, na eneo lote lililotwaliwa hukadiriwa kufika ekari 100,000. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: nchi ijitosheleze kwa ngano. Matrekta na mashine za kuvunia zilitoka Kanada, wataalamu walitoka Kanada, na sehemu kubwa ya fedha za msaada ikarudi Kanada kulipia hayo. Basi jambo hilo liliitwa msaada, lakini lilikuwa na viungo vyote vya biashara: muuzaji, mnunuzi, bidhaa na masharti. Sharti moja tu halikuwako, nalo ni lile la kumlinda mtu aliyekuwa juu ya ardhi hiyo kabla ya trekta.

Matokeo yake yalijulikana na yakaandikwa na watafiti. Muhajega lililimwa. Njia za mifugo kwenda majini na kwenye chumvi zikakatwa. Makaburi ya wazee, yale yaitwayo bung'eda, ambayo kwa Wabarbaig ni mahali pa ibada na pa kumbukumbu ya ukoo, yakapitiwa na majembe ya mashine. Udongo uliofunuliwa katika eneo kubwa kwa mara moja ulichukuliwa na mvua. Makorongo yakachimbika, na tope likateremka kuelekea ziwani. Na kwa kuwa kilimo kile kilikuwa cha mashine kubwa, ajira ilikuwa chache mno ikilinganishwa na idadi ya watu walioondolewa. Wachungaji waliobanwa walihama na mifugo yao kwenda wilaya nyingine, huko nako wakaitwa wavamizi.

Watu wa Basotu hawakunyamaza. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, pamoja na watu 67, iliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Mwaka 1984 walishinda. Lakini Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo kwa hoja mbili: kwamba kijiji hakikuwa kimegawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Tafakari hoja hiyo ya pili, msomaji. Mtu amezaliwa mahali, amezika baba yake mahali, kisha atakiwa kuleta uthibitisho wa kuwa mwenyeji, na anayemtaka authibitishe ni shirika lililokuja juzi. Mwaka 1987 jambo likamalizwa kwa kalamu: Tangazo la Serikali lilifuta haki za kimila za ardhi katika sehemu ya nchi ile. Wabarbaig waliandika barua ya wazi kwa watu wa Kanada kueleza masaibu yao. Kwa nini barua? Kwa sababu hawakuwa na chombo kingine. Mkataba ulikuwa baina ya serikali mbili, nao hawakuwa serikali.

Kanada iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ahadi ya kujitosheleza kwa ngano haikutimia, na hata leo Tanzania hununua nje ngano iliyo nyingi inayoila.

Sasa tuuangalie mkataba mwingine baina ya nchi hizo hizo mbili, ili tupate kulinganisha. Tarehe 17 Mei 2013 Kanada na Tanzania zilitia saini mkataba wa kukuza na kulinda uwekezaji, ulioanza kutumika tarehe 9 Desemba mwaka huo huo. Mkataba huu unampa mwekezaji haki ya kuishtaki serikali mwenyewe, kwa jina lake, mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, bila kuiomba nchi yake imsemee. Juu ya mazingira, wasema kwamba haifai kuvuta uwekezaji kwa kulegeza hatua za afya, usalama na hifadhi ya mazingira; na nchi moja ikiona mwenzake amefanya hivyo, yaweza kuomba mashauriano. Mali imepewa baraza, mto umepewa mashauriano.

Wala si maneno ya karatasini tu. Baada ya sheria za madini kubadilishwa mwaka 2017, leseni za hodhi za makampuni kadhaa zilifutwa. Kampuni ya Winshear Gold ya Kanada ilifungua shauri chini ya mkataba huo, na mwezi wa Oktoba 2023 Tanzania ilikubali kulipa dola za Marekani milioni 30 kulimaliza. Kampuni nyingine ya Kanada, Montero, ilipatana nasi mwaka 2024 kwa dola milioni 27. Sisemi kwamba makampuni hayo hayakuwa na haki ya kudai, walidai walichoahidiwa. Nasema hivi: leseni ya hodhi ni karatasi ya kushikilia eneo ambalo bado halijachimbwa, na kufutwa kwa karatasi hiyo kulilipiwa mamilioni. Haki za kimila za Wabarbaig nazo zilifutwa kwa karatasi, na juu ya ardhi yao palikuwa na ng'ombe, visima, makaburi na watoto. Serikali iliyofuta ilikuwa moja, na kalamu ilikuwa ya namna moja. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mlango na mwingine hakuwa nao.

Yako majibu matatu ambayo husemwa kila hoja hii itolewapo, nayo yastahili kusikilizwa.

Jibu la kwanza ni la hila. Wasema: mataifa tajiri yametajirika bila viwango hivyo, na sasa wanavitumia kama ukuta wa kutuzuia tusiuze kwao. Hofu hii ina msingi. Katika mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara la Dunia uliofanyika Singapore mwaka 1996, nchi zetu zilipigania, na zikapata, tamko kwamba viwango vya kazi ni jambo la Shirika la Kazi la Kimataifa na visitumiwe kulinda viwanda vya wakubwa. Mwaka 1999, huko Seattle, Rais Clinton wa Marekani alipozungumza juu ya vikwazo kwa wasiotimiza viwango, wajumbe wengi wa nchi maskini walikasirika, na mkutano ule ukavunjika. Mimi sikatai kwamba ukuta waweza kupakwa rangi ya huruma. Lakini tuulize Basotu: kukosekana kwa viwango kulimfaidi nani? Hakukumfaidi mchungaji, wala udongo, wala ziwa. Kulimfaidi aliyeuza matrekta. Ikiwa hila ya mgeni hupimwa kwa faida yake, basi hapa hila ilikuwa katika ukimya wa mkataba. Kwa hiyo kuvikataa viwango kwa sababu vimebebwa na mkono tusiouamini ni kama kukataa dawa kwa sababu ya sura ya muuzaji. La busara ni kuiandika dawa wenyewe.

Jibu la pili ni la gharama. Wasema: viwango hupandisha gharama, mwekezaji atakwenda penginepo, na watu watakosa kazi. Hoja hii huona gharama pale tu inapoandikwa katika daftari la kampuni. Huko Hanang gharama ya kilimo kile haikufutwa, bali ilihamishwa. Mchungaji aliilipa kwa mifugo iliyokufa, jirani yake aliilipa kwa ugomvi wa malisho, na mvua iliidai kwa udongo. Gharama isiyoandikwa mkatabani haipotei. Hutafuta mtu asiye na wakili, ikamkalia.

Lakini kuna sehemu ya hoja hiyo iliyo ya kweli, nayo ni namna adhabu inavyotolewa. Mwaka 2014 Marekani iliamua kuiondoa Uswazi, iitwayo leo Eswatini, katika mpango wa biashara wa AGOA kwa kosa la kuwanyima wafanyakazi haki zao, na uamuzi huo ukaanza kutumika Januari 2015. Viwanda vya nguo vilivyouza Marekani vikafungwa, na mafundi wa cherehani, wale wale waliokuwa wakitetewa, wakapoteza kazi. Nchi ilirudishwa katika mpango mwaka 2018, lakini mshahara wa miaka ile haukurudi. Hiyo ndiyo adhabu inayompiga mgonjwa ili kumtisha ugonjwa. Mfano ulio bora uko katika mkataba wa Marekani, Meksiko na Kanada ulioanza kutumika Julai 2020. Chini yake lawama yaweza kuelekezwa kwa kiwanda kimoja chenye kosa, si kwa taifa zima. Mwaka 2021 kiwanda cha magari cha Silao, Meksiko, kilifikiwa kwa njia hiyo, na mwaka 2022 wafanyakazi wake wakachagua chama huru kwa kura. Mkataba huo nao una upendeleo wake, maana Marekani imejiwekea kinga nyingi. Lakini umethibitisha kwamba mkono wa sheria ya biashara waweza kumshika mkosaji na kumwacha jirani yake.

Jibu la tatu ni la heshima ya taifa. Wasema: tukimruhusu mwanakijiji kupeleka malalamiko yake katika chombo cha kimataifa, tutakuwa tumezidharau mahakama zetu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama mlango huo ungekuwa umefungwa kwa wote. Lakini tumekwisha kuufungua kwa mwekezaji. Sheria ya mwaka 2017 juu ya mamlaka ya nchi kwa mali asili zake ilikataza migogoro ya mali hizo kupelekwa katika mabaraza ya nje; na bado malipo ya 2023 na 2024 yalifanyika, kwa kuwa sheria ya nyumbani haiuvunji mkataba uliotiwa saini. Basi heshima ya taifa gani hiyo inayoumizwa na mwanakijiji wa Mulbadaw peke yake, wala haiumizwi na kampuni ya Vancouver?

Tena, jambo ninalolitaka si ndoto. Mfano uko hapa kwetu, tena katika mkataba ambao asili yake ni biashara. Mkataba wa mwaka 1999 ulioifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki una sura ya mazingira, na unamruhusu mkazi yeyote wa nchi wanachama kuishtaki serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka 2010 shirika la Kenya linalotetea wanyama liliishtaki Tanzania juu ya barabara ya lami iliyokusudiwa kukata kaskazini mwa Serengeti, na mwezi wa Juni 2014 mahakama ikaamua kwamba mpango huo ungevunja Mkataba. Dunia haikuanguka, na Jumuiya haikuvunjika. Wanakijiji wa Ololosokwan, Loliondo, walipofungua shauri lao juu ya ardhi mwaka 2017, njia ilikuwa ndefu zaidi: lilitupwa mwaka 2022, kisha Novemba 2023 kitengo cha rufani kikaurejesha mjadala usikilizwe upya. Nyumbu alifika mbele ya hakimu akasikilizwa mapema kuliko mchungaji. Lakini wote wawili walifika. Watu wa Basotu katika miaka ya 1980 hawakuwa na mahali kama hapo. Hata hivyo mlango huo ni mwembamba, maana mlalamikaji amepewa miezi miwili tu tangu tendo litendeke au alijue, muda ambao mchungaji aweza kuumaliza akitafuta nauli na wakili.

Nadai basi mambo matatu, na nayadai katika kila mkataba wa biashara au wa mtaji ambao Tanzania na jirani zake watautia saini, ukiwamo ule wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ambao Tanzania imeuridhia.

La kwanza: palipo na mlango wa mwekezaji, na pawe na mlango wa mfanyakazi na wa kijiji, wenye upana ule ule na muda ule ule. Ikiwa mlango wa pili waonekana kuwa ni hatari kwa serikali, basi wa kwanza nao ufungwe, kwa kuwa hatari yake tumekwisha kuilipia kwa dola. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Desemba 2023 na kuanza kutumika Julai 2024, una sehemu nzima ya kazi na mazingira, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini lawama humo hupita kwa serikali kwenda kwa serikali. Mchuma maua wa Naivasha aweza kutajwa humo, hawezi kushtaki humo.

La pili: adhabu imwandame mkosaji, na fidia imfikie aliyeumia. Kufunga soko la nchi nzima kuwe ni jambo la mwisho, wala si la kwanza.

La tatu: mali isihesabiwe kuwa mali yenye kulindwa na mkataba ikiwa imepatikana juu ya ardhi ya watu bila ridhaa yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano mkuu wa kijiji. Na uandikwe katika mikataba kwa jina lake, ili mgeni ajue kwamba saini ya waziri peke yake haitoshi, na waziri naye ajue hivyo.

Wako watakaoniambia kwamba mambo haya ni magumu, kwa kuwa wanaoandika mikataba ni wengine na sisi huletewa tutie saini. Hapo ndipo nawageukia wanafunzi na walimu wa vyuo vyetu. Mikataba hii haianguki kutoka mbinguni. Huandaliwa na mawakili, wachumi na makatibu, na wengi wao kwa upande wetu wamepita katika madarasa haya haya. Mwanasheria wetu afunzwa vizuri namna ya kuitetea serikali inaposhtakiwa na kampuni. Afunzwe pia namna ya kuandika kifungu ambacho mchungaji wa Hanang na mkulima wa Mbulu waweza kukitumia. Mzee wa Kainam aliyelaza tuta lake dhidi ya mvua hakungoja kuombwa mashauriano na maji. Alijenga kitu ambacho maji yakifika hukikuta kimesimama. Kifungu cha mkataba nacho hakina budi kujengwa hivyo, na kisipojengwa hivyo tusikiite kiwango. Tukiite kwa jina lake, mahubiri.